Barabara za jangwani: Tathmini ya mazingira isifuate nyuma ya tingatinga

KILA serikali inapotangaza barabara mpya ya lami kaskazini mwa nchi, wakazi wa huko hushangilia, na wana kila sababu ya kufanya hivyo. Kwa miongo minne baada ya uhuru, msafiri wa kutoka Moyale kwenda Nairobi alipanda juu ya lori la ng'ombe, akalala njiani siku mbili au tatu, na kufika jijini amebadilika rangi kwa vumbi. Leo basi hukamilisha safari hiyo kwa muda usiozidi siku moja.

Barabara hiyo ya Isiolo hadi Moyale, yenye zaidi ya kilomita 500, ilijengwa kwa vipande kati ya mwaka 2007 na 2017 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Umoja wa Ulaya na serikali ya Kenya. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kumwambia mama mjamzito wa Turbi kwamba ingekuwa heri lami isingefika kwao.

Kwa hivyo swali la makala haya si kama barabara zijengwe au zisijengwe. Swali linahusu kitabu kinene ambacho wachache hukisoma, yaani ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Ni nani huiandika, huandikwa lini, na aliyeandikiwa huisoma kwa lugha gani?

Swali hili halijapitwa na wakati. Mnamo Septemba 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa barabara ya kutoka Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera. Katika ramani ya ukanda wa Lapsset, uliozinduliwa Lamu Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki akiwa pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini, kuna mkono mwingine unaotoka Isiolo kuelekea Lokichar kupitia Nginyang. Mkono huo utapita katika baadhi ya nyika kavu kabisa za nchi hii.

Sheria yenyewe ni nzuri. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inasema hakuna mradi mkubwa wa aina hii unaoweza kuanza bila leseni ya Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (Nema). Kanuni za mwaka 2003 zikaongeza masharti: mabango yabandikwe mahali pa wazi, tangazo litoke gazetini kwa majuma mawili mfululizo, redio itangaze kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watu watakaoathiriwa. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 69, ikaipa serikali wajibu wa kuweka mifumo ya tathmini hiyo na kuhimiza umma ushiriki.

Tatizo la kwanza ni kwamba mtaalamu anayeandika ripoti huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Sheria inamtaka awe amesajiliwa na Nema, lakini mwenye kumpa hundi ni yule yule anayengoja leseni. Si lazima mtaalamu awe mwongo ndipo jambo hili lilete madhara. Inatosha awe na haraka.

Na haraka ni adui mkubwa wa mtu anayetaka kulielewa jangwa. Msitu wa Kakamega ukiutembelea Februari au Julai utaukuta msitu. Chalbi ukiitembelea Februari utakuta uwanja mweupe wa magadi ambako hata nzi ni nadra. Ukirudi baada ya mvua kubwa, utakuta ziwa. Dida Galgalu, kati ya Marsabit na Turbi, huonekana kwa mgeni kama shamba la mawe meusi lisilo na kitu. Lakini humo, pamoja na nyika za karibu na Garba Tula, ndimo anamoishi ndege mdogo wa jamii ya kipozamataza ambaye hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani.

Mtaalamu aliyetumwa wiki tatu wakati wa kiangazi ataandika kwamba eneo la mradi lina mimea michache na wanyama wachache, na atakuwa amesema kweli kuhusu wiki hizo tatu. Hataziona njia za maji, kwa sababu laga kavu hufanana na mchanga mwingine wowote. Wala hataziona njia za mifugo, kwa kuwa mwezi huo mifugo iko umbali wa kilomita 100 kutoka hapo.

Tuchukue mfano wa punda milia wa Grevy, yule mwenye milia myembamba na masikio makubwa ya mviringo. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilipata takriban 2,600 humu nchini, nao ni sehemu kubwa ya wote waliosalia duniani. Wengi wanaishi Isiolo, Samburu, Laikipia na Marsabit, kandokando ya barabara hizi tunazozizungumzia.

Punda milia huyu anaweza kukaa hata siku tano bila maji. Jike anayenyonyesha hawezi. Yeye hana budi kunywa kila siku au siku ya pili. Barabara ikipita kati ya malisho na kisima, dume atasubiri usiku magari yapungue, lakini mama na mtoto wake watavuka saa yoyote. Hasara hiyo haiwezi kuonekana katika jedwali linalosema tu kwamba wanyama "walionekana" au "hawakuonekana" siku ya ukaguzi.

Yanayomhusu punda milia yanamhusu pia ngamia wa Mgabra na mbuzi wa Mrendile. Katika ukame wa kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo na zaidi ya mifugo milioni 2.5 wakafa nchini. Wafugaji waliookoa chochote ni wale walioweza kuhama mapema na mbali. Mfugaji haihitaji njia ya kuhamia kila mwaka; huihitaji mwaka mmoja katika sita au saba, na mwaka huo ikiwa imezibwa na tuta la barabara lenye kingo kali, ua wa kampuni au mji mpya uliochipuka kwenye makutano, basi hana jingine la kufanya. Ni mtaalamu yupi ataiandika njia ambayo haikutumika mwaka alipofika?

Jibu ni kwamba atamuuliza mzee. Hapo tunaingia katika suala la vikao vya umma, ambalo kwa maoni yangu ndilo jipu lenyewe.

Vikao vingi vya aina hii hufuata mtindo unaojulikana. Chifu huita baraza, gari la mradi hufika saa tano, picha ya ramani huoneshwa ukutani, maneno ya Kiingereza hutafsiriwa nusunusu, watu huuliza kuhusu kazi za vijana, soda hugawanywa na orodha ya waliohudhuria hutiwa saini. Orodha hiyo huambatishwa mwishoni mwa ripoti na kuhesabiwa kuwa ridhaa. (Aghalabu orodha huwa kamili kuliko maoni yaliyotolewa.)

Mahakama na mabaraza ya kisheria yameanza kuukataa mtindo huu. Mnamo Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Lamu. Hoja moja kuu ilikuwa kwamba mikutano na wananchi ilifanywa kabla ya utafiti kukamilika, na baada ya ripoti kutoka wananchi hawakupewa nafasi ya kujadili yaliyomo. Walioneshwa sufuria, hawakuoneshwa kilichopikwa ndani yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imetoa uamuzi mzito zaidi kuhusu bandari ya Lamu, ambayo ni mlango wa Lapsset nzima. Majaji waliamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa, zikiwemo haki ya kupata habari na haki ya mazingira safi, na wakaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Aidha walisema mradi wa ukubwa huo ulihitaji tathmini ya kimkakati, yaani inayoutazama mpango wote kwa pamoja, kabla ya kipande chochote kuanza.

Hoja hiyo ya tathmini ya kimkakati ndiyo inayozigusa zaidi barabara za jangwani, nayo inahitaji kufafanuliwa.

Tathmini ya kawaida hutazama kipande. Mkandarasi wa kilomita 120 huandikiwa ripoti ya kilomita 120. Wa kipande kinachofuata huandikiwa yake, pengine na mtaalamu mwingine, mwaka mwingine. Kila ripoti husema, na kwa haki, kwamba athari za kipande chake ni za wastani na zinaweza kudhibitiwa. Hakuna ripoti inayosema maana ya vipande vyote vikishaunganishwa.

Lapsset si barabara tu. Mpango wake unatenga ukanda wa upana wa mita 500 utakaobeba barabara, reli, bomba la mafuta na nyaya za umeme, kisha eneo la uchumi la kilomita 50 kila upande. Hesabu ni rahisi: mita 500 kwa kila kilomita 100 ni zaidi ya ekari 12,000. Na hayo ni kabla ya kuzigusa zile kilomita 50 za kila upande, ambazo katika kaunti kama Isiolo zinameza maeneo mapana ya malisho.

Sheria ilifanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kuifanya tathmini ya kimkakati kuwa ya lazima kwa sera, mipango na programu za serikali. Ripoti ya namna hiyo kuhusu Lapsset iliandaliwa, lakini miaka kadhaa baada ya jiwe la msingi kuwekwa. Mpima ramani alikuwa amekwisha kupita. Nyumba ikishafika kwenye linta, fundi hamuulizi tena mwenye kiwanja mlango uelekee wapi.

Hatuna budi pia kulitaja wazo baya linalotangulia haya yote, kwamba jangwa ni ardhi ya serikali isiyo na mwenyewe. Wazo hili ni la zamani. Chini ya katiba ya awali maeneo haya yaliitwa ardhi ya amana, yakiwa mikononi mwa mabaraza ya wilaya kwa niaba ya wakazi, na mabaraza mengi yaliyasimamia kama shamba la binafsi.

Mfano ulio wazi ni wa kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana. Ekari 150,000 zilikodishwa kwa mradi wa umeme wa upepo wa Lake Turkana wakati wa Baraza la Kaunti ya Marsabit. Ili mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ifike huko, barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ililazimika kutengenezwa upya. Kijiji cha Sarima, kilichokuwa kando ya njia hiyo, kikahamishwa.

Mradi huo una sifa zake. Umeme wake hauna moshi, na barabara ile imewafaa watu wa Loiyangalani. Lakini wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilitolewa bila kufuata utaratibu wa kisheria. Korti ikatoa mwaka mmoja utaratibu huo urekebishwe. Wakati huo mitambo ilikuwa ikizunguka na kuuza umeme. Mwekezaji naye hakufaidika na njia hiyo ya mkato, maana alijikuta na mabilioni ya fedha juu ya ardhi yenye kesi.

Katiba ya sasa inasema ardhi hiyo ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaeleza kwamba ile ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Kaunti haiwezi kuiuza wala kuigeuza, na fidia ikilipwa lazima iwekwe katika akaunti maalumu yenye riba hadi jamii isajiliwe. Usajili wenyewe umejikokota. Matokeo ni kwamba barabara nyingi zinapangwa juu ya ardhi ambayo mwenyewe anajulikana kikatiba lakini hana karatasi ya kuweka mezani wakati wa mazungumzo.

Kuna mambo madogo pia ambayo ripoti huyapa aya moja na wakazi huishi nayo maisha yao yote. Mkandarasi wa barabara anahitaji maji mengi kushindilia udongo. Jangwani maji hayo hutoka kwenye visima, na kisima kinachochimbwa kwa ajili ya tingatinga huchota kule kule kinakochota kisima cha ngamia. Leseni nzuri hueleza kitachotwa kiasi gani na kisima kitaachiwa nani mradi ukiisha.

Kisha kuna matimbo ya kuchimbia changarawe. Mkataba husema yafukiwe. Yasipofukiwa hujaa maji ya mvua, yakawa mahali pa mbu na hatari kwa watoto wanaochunga. Mfugaji wakati mwingine huomba moja liachwe liwe bwawa la mifugo, na hilo si kosa iwapo kingo zake zitalainishwa. Ila ombi hilo huja mwishoni, mhandisi akiwa amefunga virago, ilhali lingeweza kuandikwa katika ripoti tangu mwanzo.

Kuna pia mimea vamizi. Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimfikisha mbuzi asiye na meno kortini Nairobi, wakitaka kuonesha madhara ya mti wa mathenge ulioletwa kwao miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kutaka mradi kama ule utathminiwe kwanza. Mbegu za mathenge husafiri katika kinyesi cha mifugo, na lori la mifugo huzifikisha mbali kuliko miguu ya mbuzi. Udongo uliofukuliwa kando ya barabara mpya ndio mahali zinapopenda kuota. Barabara ya kupitia Nginyang itapita jirani na chimbuko lenyewe la janga hilo.

Maji ya mafuriko nayo hayasomi ramani. Novemba 2023, miezi michache tu baada ya ukame kwisha, Mto Tana ulifurika na kuikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi pale Mororo. Tuta la barabara katika nchi tambarare ni ukuta. Makalvati yakiwa machache au membamba, upande mmoja hufurika na upande wa pili hukosa maji yaliyokuwa yakiotesha nyasi. Mwaka wa kiangazi hakuna atakayeyaona haya, na ndiyo maana tunarudi pale pale: tathmini ya jangwa yafaa ichukue misimu, si majuma.

Wapo watakaosema masharti haya yatachelewesha maendeleo ya eneo lililosahaulika kwa muda mrefu. Hoja hiyo ina uzito, hasa inapotoka kinywani mwa mkazi wa kaskazini. Ila inatoka mara nyingi zaidi kwa maafisa wa Nairobi, na hao ndio waliolisahau eneo hilo miaka 40. Mwaka mmoja zaidi wa kuhesabu njia za mifugo si wao utakaowaumiza. Isitoshe, kesi za Lamu na Marsabit zimechukua muda mrefu kuliko utafiti wowote ambao ungefanywa mapema.

Wala si kwamba suluhisho hazipo. Tangu 2011 ndovu wa Mlima Kenya wamekuwa wakipita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, kupitia njia iliyojengwa kwa ajili yao, na walianza kuitumia mara tu ilipofunguliwa. Njia kama hiyo kwa ngamia na punda milia, au hata kipande cha tuta kilicholainishwa na kuwekewa matuta ya kupunguza mwendo karibu na kisima, ni gharama ndogo ikiingizwa katika mchoro. Baada ya lami kumwagwa huwa bajeti mpya, na bajeti mpya hukosa mwenyewe.

Kwa sasa mkazi asiyeridhika na leseni ana siku 60 za kukata rufaa mbele ya jopo la mazingira. Siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi utolewe. Kwa mtu wa North Horr au Kapedo, ambaye tangazo lilitoka katika gazeti ambalo haliuzwi kwao, na ripoti yenyewe iko kwa Kiingereza katika ofisi ya makao makuu ya kaunti, sehemu kubwa ya siku hizo huwa imepita kabla hajasikia kwamba kuna leseni. Nema ina mamlaka ya kumtaka mwenye mradi atoe muhtasari kwa Kiswahili na kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kisamburu kabla ya kikao cha kwanza, na kuukataa mradi ambao haujafanya hivyo. Barabara ya Isiolo kwenda Lokichar ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia.